Asiye na fedha ya utoro hana fedha ya lambo

Mimi ni mtetezi wa malambo ya watu binafsi, na niliweke hilo wazi mapema. Katika nchi kavu kama Dodoma, ambako mvua ya mwaka kwa wastani haifiki milimita 600 na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, mwenye shamba anayekinga maji ya korongo kwa tuta la udongo anafanya jambo la maana sana. Maji yale yangepita kwa siku moja au mbili, yakila kingo njiani, kisha mchanga mtupu. Akiyazuia, mifugo yake haishindi njiani kutafuta maji mwezi wa Agosti, bustani ya nyanya na mchicha inavuka kiangazi, na akipandikiza perege anapata kitoweo na cha kuuza. Wapare wa Same na Mwanga walilijua hili tangu zamani: ndiva zao, yaani mabwawa yao madogo ya kienyeji, hukusanya maji usiku kucha, asubuhi hufunguliwa yakaingia mfereji.

Lakini nina sharti, na hapo silegezi kamba. Lambo lianze na utoro wa maji, yaani ile njia ya pembeni inayopitisha maji yaliyozidi, halafu ndipo tuta. Wengi hufanya kinyume. Fedha yote inaishia kwenye kukodi greda na kulundika udongo, na utoro unabaki kuwa mfereji wa jembe, upana wa hatua mbili. Mvua za kawaida unatosha. Ikija mvua kubwa, maji yanapanda, yanapita juu ya tuta, na udongo hauwezi kuhimili maji yanayotiririka juu yake. Yanachimba upande wa nje, yanafungua mwanya, na mwanya ukishafunguka hakuna wa kuuziba.

Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Lambo la mita za ujazo 20,000, ambalo wengi wetu tungeliita dogo, limeshikilia tani 20,000 juu ya vichwa vya waliojenga chini yake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai katika Kaunti ya Nakuru nchini Kenya, bwawa la udongo ndani ya shamba la mtu binafsi lilipasuka katikati ya masika yaliyokuwa makubwa mno. Maji na tope vilishuka mlimani hadi kwenye makazi. Watu zaidi ya 40 walikufa, watoto wengi wakiwemo. Hawakuwa wamiliki wa bwawa lile, wala si wao waliolijenga.

Mai Mahiu, tarehe 29 Aprili 2024, wengi walidhani limepasuka bwawa jingine. Serikali ya Kenya baadaye ikaeleza kwamba kalavati chini ya tuta la reli liliziba kwa uchafu uliobebwa na mafuriko, maji yakajaa nyuma ya tuta, kisha yakavunja. Kwangu habari hiyo inahusu malambo moja kwa moja, kwa sababu utoro nao huzibwa, na mara nyingi huzibwa na mwenye lambo mwenyewe. Anapanga viroba vya mchanga mdomoni ili abakize maji zaidi kwa ajili ya kiangazi. Mfuga samaki anakingamisha wavu ili perege wasitoroke. Mvua ya kwanza inaleta nyasi, matawi na mabua, vyote vinanasa, na kufikia usiku wa mvua kubwa wavu umeshakuwa ukuta. Wavu wa namna hiyo nauogopa kuliko ufa kwenye tuta, maana ufa utamshtua mtu, wavu hautamshtua yeyote.

Tuta lenyewe nalo linataka kuangaliwa. Tuta lililoshindiliwa kwa matabaka membamba, kwa udongo wa mfinyanzi, likachimbiwa msingi hadi kwenye ardhi isiyovuja, hudumu miaka mingi. Hata hivyo maji kidogo huweza kujipenyeza. Nenda upande wa nje, chini kabisa ya tuta, ukinge yanayochuruzika kwenye glasi. Yakiwa maangavu, weka alama na uendelee kuyafuatilia. Yakiwa na tope, ujue udongo wa ndani unabebwa na tundu linakua, basi punguza maji na uite mhandisi siku hiyohiyo. Miti mikubwa isiachwe juu ya tuta, mizizi ikioza inaacha njia. Mashimo ya panya na nguchiro yafukiwe. Ng'ombe wasipandishwe tutani. Wawekewe mbauti, yaani hori la kunyweshea, chini, wanywe huko, na kingo zizungushiwe uzio, maana watoto huteleza kwenye tope na kuzama.

Kuhusu vibali vya lambo, najua malalamiko: bodi ya maji ya bonde iko mbali, na kuna gharama. Naona mamlaka zingesaidia zaidi kwa kumpeleka mhandisi wilayani kabla ya masika, akague malambo na kumwonyesha mwenye shamba upana wa utoro unaolingana na eneo linalomwaga maji pale. Lakini ugumu wa kibali haumpunguzii mtu wajibu. Mwaka 1860 huko Lancashire, Uingereza, bwawa la mwenye kiwanda aitwaye Rylands lilivujia kwenye mashimo ya zamani na kufurika mgodi wa jirani yake Fletcher. Rylands alikuwa ameajiri wataalamu, yeye mwenyewe hakuzembea, na bado mwaka 1868 mahakama ya juu ilimtaka alipe. Naona ni haki kabisa. Aliyeyakusanya maji kwa faida yake ndiye anayebeba hatari yake.

Kwa hiyo waliojenga chini ya lambo wajue lipo, wajue njia ya kukimbilia, na wawe na namba ya simu ya mwenye lambo. Na usiku ambao maji yamekaribia ukingo, usikate tuta kuyapunguza, kwani mfereji huo mdogo utakuwa ndio mpasuko wenyewe. Toa kila kilichoziba utoro, uupanue huko pembeni kwenye ardhi ngumu, na kabla hujashika jembe wapigie walio chini watoke.