Wimbo Usio na Mwanzo Wala Mwisho

Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964 yalipokuwa yakiandaliwa, kampuni ya Disney ilijikuta na tatizo la kelele. Ilikuwa ikitengeneza safari ya mashua kwa ajili ya banda la UNICEF, mashua ipite katikati ya wanasesere wa watoto wa mataifa mbalimbali, na wazo la kwanza lilikuwa kila kundi liimbe wimbo wa taifa lake. Nyimbo zile zilipopigwa pamoja, ikawa vurugu tupu. Walt Disney akawaita ndugu wawili, Robert na Richard Sherman, akataka wimbo mmoja tu. Walichomletea ni "It's a Small World", wimbo ambao ubeti wake na kiitikio chake vinaweza kuimbwa kwa pamoja bila kugongana. Mashua ikitoka chumba hiki kuingia kile, sauti za pande mbili huvuja na kukutana, na sikio halioni kasoro.

Kisa hicho kinagusa ubishi wa miaka mingi juu ya watu wanaotunga muziki wa vivutio vya bustani za burudani. Je, ni watunzi kamili, au ni mafundi wa mapambo?

Wanaowadharau hawasemi ovyo. Muziki wenyewe hurudiwa mchana kutwa, mwaka baada ya mwaka. Msikilizaji hakuufuata, amefuata kiti kitakachomrusha huku na huko. Mtunzi huambiwa hapa iwe hofu, pale iwe furaha, na asizidishe dakika tatu. Wimbo wa akina Sherman unaweza hata kuitwa shahidi wa upande huo, maana wengi wanaoufahamu huukumbuka kama kitu kilichowaganda kichwani kikakataa kutoka. (Ingawa mwaka 2022 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza kwenye orodha ya rekodi za kuhifadhiwa kwa faida ya taifa. Kero nayo ina heshima zake.)

Shida ya hoja hiyo ni kwamba inapima kazi hii kwa kipimo cha filamu. Mtunzi wa filamu anajua mlango utafunguliwa sekunde ya ngapi, na watazamaji wote wanaufikia mlango ule kwa wakati mmoja. Kwenye kivutio hakuna anayejua. Buddy Baker alikabiliwa na hali hiyo kwenye Haunted Mansion, jumba la mizimu lililofunguliwa Disneyland, California, Agosti 1969. Viti vya jumba lile hutembea mfululizo kama mnyororo. Mmoja yuko ukumbi wa dansi wakati mwenzake ameshafika makaburini. Muziki hauwezi kumsubiri yeyote. Baker akatumia wimbo mmoja, "Grim Grinning Ghosts", wenye maneno ya X Atencio, na kuubadilisha sura kila mahali: mlangoni unapigwa kwa kinanda polepole kama wa msibani, ukumbini unakuwa walzi, makaburini mizimu inauimba kwa mdundo wa jazi. Hadithi haisogezwi na saa. Inasogezwa na mwili wa msikilizaji anayepita ndani yake. Mimi naona huo ni ufundi ambao mtunzi wa simfonia hajawahi kulazimika kujifunza.

Ufundi ni jambo moja, maisha ya kazi ni jambo jingine, na hapo ndipo naanza kusita. Baker alitoka kwenye redio, akaajiriwa na Disney katika miaka ya 1950, akaandika muziki wa televisheni, filamu na bustani hadi alipostaafu mwaka 1983. Alikuwa na mshahara na orkesta ya kumpigia. Kwa upande wa pili wa mkataba, sheria ya Marekani humhesabu mwajiri kuwa ndiye mwandishi wa kazi iliyofanywa na mwajiriwa. Utaratibu huo wa ajira za kudumu umepungua sana. Siku hizi kampuni kubwa humwita mtunzi wa filamu aje kwa kazi moja, kama John Debney kwa Phantom Manor, jumba la mizimu la Disney huko Paris, mwaka 1992. Yeye ana pa kurudi. Kijana anayetaka bustani ziwe ndiyo kazi yake hana uhakika huo.

Vipi kuhusu kumtaja mtunzi kwa jina? Wanaotetea ukimya hudai kuwa jina la mtunzi likitajwa uchawi unavunjika. Sikubaliani nao. Filamu hutaja kila mtu mwishoni na watu bado wanalia. Yenye nguvu zaidi ni hoja kwamba kivutio ni kazi ya wachongaji, mafundi mitambo na waandishi, basi kwa nini mtunzi atangulizwe? Labda kwa sababu ni kazi yake pekee inayotoka na mgeni getini. Efteling, bustani ya Uholanzi, imeonyesha kwamba inawezekana: wapenzi wake wanamjua Ruud Bos, aliyetunga muziki wa vivutio vya Fata Morgana mwaka 1986 na Droomvlucht mwaka 1993, na wanamjua René Merkelbach aliyefuata, na muziki wenyewe umetolewa kwenye CD.

Hata hivyo, jina haliokoi kila kitu. Muziki ambao Steve Bramson aliuandikia Space Mountain ya Paris mwaka 1995 uliondolewa mwaka 2005 kivutio kilipofanyiwa ukarabati, ukawekwa wa Michael Giacchino. Riwaya ya zamani hubaki kwenye rafu. Muziki wa kivutio hufukuzwa pamoja na nyumba yake.

Au pengine si mara zote. Jumba la mizimu la Efteling, Spookslot, lilifunguliwa mwaka 1978 na kufungwa mwaka 2022, kisha likabomolewa. Kilichojengwa mahali pake, kikafunguliwa mwaka 2024, kilichukua muziki wa jumba lile na kujiita kwa jina la muziki huo, Danse Macabre. Ila aliyeutunga ni Camille Saint-Saëns, mwaka 1874, na hakuna bustani iliyowahi kumwajiri.