Kuhesabu Vichwa au Kuuliza Watu: Tupimeje Kumbi za Kusomea Lamu

Katiba ya Kenya ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa kazi za kaunti. Kwa hivyo anayeomba meza, pangaboi au mkutubi wa pili hana budi kuonyesha kwamba ukumbi uliopo unawafaa wasomaji, au hauwafai, na kwa kiasi gani. Hapo ndipo wajuzi wa kazi hii wanapogawanyika. Wako wanaosema hesabu: waliopita mlangoni wangapi, vitabu vilivyoazimwa vingapi. Wako wanaosema uliza: gawa hojaji, msomaji aseme mwenyewe. Kila upande una hoja nzito, na kila upande una mahali unapopotoka. Kisiwani Lamu mahali hapo panaonekana waziwazi.

Daftari la mlangoni halina gharama, na takwimu yake haibishaniwi na mtu. Tatizo ni kwamba linahesabu miguu. Kijana aliyetoka kuswali Adhuhuri, akarudi, akatoka kunywa chai, akarudi tena, ameandikwa mara tatu. Rejista ya kuazima nayo hukosea kwa upande wa pili. Ukikaribia mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, mwezi wa Oktoba na Novemba, viti hujaa watahiniwa wenye daftari zao na mitihani ya miaka iliyopita. Hawaazimi hata kitabu kimoja. Wamefuata meza, taa na utulivu ambao nyumbani haupatikani. Ukisoma rejista utasema maktaba imekufa, nayo iko katika miezi yake ya kazi kubwa kabisa.

Hesabu inayofaa ni ya kupita kiti kwa kiti. Chora ramani ya ukumbi, kila kiti kipe nambari, na soketi zote zitie kwenye ramani. Kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 11 jioni, kila baada ya saa moja, mtu mmoja apite njia ile ile na kuandika herufi moja kwa kila kiti: K kwa anayesoma kitabu cha maktaba, D kwa daftari au karatasi zake mwenyewe, S kwa simu au kompyuta, M kwa mazungumzo, B kwa begi lisilo na mtu, na sufuri kwa kiti kitupu. Majina yasiandikwe kamwe. Saa ya swala ya Ijumaa itiwe alama pembeni isiingizwe kwenye wastani, maana utupu wake hausemi lolote juu ya ukumbi.

Hata hivyo wastani wenyewe ni mtego. Tuseme ukumbi una viti 60. Mapito 8 kwa siku 6 yanatoa nafasi 2,880. Ikiwa 1,002 zilikaliwa, hiyo ni kama asilimia 35, na mwenye kushika fedha atauliza meza mpya za nini. Lakini asilimia hiyo hiyo hupatikana pale mapito saba ya siku yanapokuta watu 16 tu, na lile la saa 11 jioni, shule zikishafungwa, likakuta watu 55. Huyo wa 56 anayefungua mlango, akazungusha macho, asione nafasi ya kumfaa na kurudi zake, haandikwi popote. Kwa hiyo saa ya msongamano ipelekwe kaunti peke yake, na wastani ufuate nyuma.

Zile herufi nazo zisomwe pamoja na ramani. B zikirundikana karibu na soketi, watu wanashika nafasi ya umeme, na kuongeza viti hakutasaidia kitu. Wengine hudai kwamba anayekuja kuchaji simu asihesabiwe kabisa. Hoja yao inaeleweka, kwani bila kumtenga takwimu huvimba. Lakini mwanafunzi wa leo masomo yake mengi yamo ndani ya simu. Mhesabu, ila kwa herufi yake.

Wenye kupendelea kuuliza wana jibu zuri kwa haya yote: macho huona aliyekaa, hayaoni anavyojisikia. Chombo chao kinachojulikana sana ni LibQUAL+, kilichoanzishwa Marekani mwaka 2000 na chama cha maktaba za utafiti kwa kushirikiana na chuo cha Texas A&M. Kina maswali ya msingi 22, na kila swali hujibiwa mara tatu kwa alama 1 hadi 9: kiwango cha chini ninachoweza kuvumilia, kiwango ninachokitamani, na kile ninachokipata. Kiwango cha chini kikiwa 5, cha kutamani 8 na cha sasa 6, huduma imepita uvumilivu kwa 1 na imepungukiwa na matamanio kwa 2. Kipimo hiki ni makini kuliko swali la "umeridhika?", kwa sababu kinaonyesha pengo liko wapi.

Kikiletwa kwetu kinagonga mwamba mara mbili. Msomaji ambaye hajawahi kuingia maktaba nyingine huweka uvumilivu wake chini sana, 2 au 3, na ukumbi wenye joto na giza ukatoka na alama ya kupendeza. Kisha kuna adabu. Mkutubi anajulikana kwa jina na kwa ukoo, watoto wake wanasoma madrasa moja na wa anayejibu. Akitoa hojaji kwa mkono wake, jibu ni alhamdulillahi, pazuri. Afadhali karatasi igawanywe na mtu asiye wa hapo na irudishwe katika kisanduku kilichofungwa. Maswali nayo yapunguzwe yafike sita au saba, yaulize mambo yanayoshikika: mara ya mwisho ulikosa kiti saa ngapi? Uliondoka kwa sababu gani?

Jambo ambalo pande zote mbili hulisahau ni jengo. Ngome ya Lamu, iliyokamilika 1821 na kuwa jela hadi 1984, sasa ina maktaba. Majengo mengine ya mawe nayo hutumika kwa masomo ingawa hayakujengwa kwa ajili hiyo. Upana wa chumba cha kale huamuliwa na urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo mara nyingi hauzidi mita 2.5 hadi 3. Chukua chumba cha mita 2.7. Meza ya sentimita 75 katikati, viti pande mbili vya sentimita 50 kila kimoja, inabaki sentimita 95, yaani chini ya 50 nyuma ya kila msomaji. Hapiti mtu bila kumwinua mwenzake. Meza nyembamba ya sentimita 60 ikiegemezwa ukuta mmoja, pamoja na kiti, huacha njia ya mita 1.6. Kutoboa dirisha ni suala jingine: mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kuta zake hazibadilishwi kwa uamuzi wa mkutubi. Ndiyo maana mwanga upimwe pale kitabu kinapolala, meza kwa meza, kwa programu ya kupima mwanga katika simu moja ile ile. Laksi (kipimo cha mwanga) 300 ni kiasi cha kulenga kwa kusoma.

Msimu nao hubadilisha majibu. Ukipima Julai, kusi linavuma, utaambiwa ukumbi una baridi nzuri. Labda lalamiko litakuwa karatasi zinazopeperuka na madirisha yanayofungwa kwa ajili hiyo. Rudi Machi, kaskazi limelegea, ukumbi ule ule haukaliki baada ya saa 6 mchana. Tathmini ya msimu mmoja haitoshi kuamulia fedha za mwaka mzima.

Na wasichana? Meza ya watu wanane ikishakaliwa na wavulana watatu, kwa msichana imejaa. Katika karatasi ya mapito viti vitano vinasomeka vitupu, na kwenye hojaji hayupo wa kujibu, maana alishaondoka. Hapa hesabu na hojaji zote zinashindwa, na huu ndio upungufu mkubwa kuliko yote niliyotaja. Yapasa kwenda kuuliza nje: shuleni, madrasa, nyumbani kupitia kina mama. Wengi wamezoea kusoma juu ya mkeka, na kona yenye mkeka, meza fupi na mgongo kwa ukuta huenda ikawafaa kuliko kiti; vipimo vya kuhesabu viti pekee haviwezi kuiona.

Kwa hivyo mimi ningeanza na mapito ya kiti kwa kiti, wiki moja ya kusi na wiki moja ya kaskazi, kisha hojaji fupi yenye maswali yaliyozaliwa na mapito hayo, kisha mazungumzo na wasiofika. Na kabla hata shilingi moja haijatoka, meza zilizopo zihamishwe kwa wiki mbili, soketi iongezwe kwa waya wa kuazima, mapito yarudiwe, herufi zilinganishwe.