Mafia iko mbali na Dar kiasi gani?

Kwa mstari ulionyooka, kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni, makao makuu ya Wilaya ya Mafia, ni kama kilomita 130. Ndege ndogo ya Cessna Caravan huzimaliza kwa dakika 30 hadi 40. Ndiyo maana wapo wanaosema Mafia si pembezoni tena, na kwamba fedha zaidi zielekezwe uwanja wa ndege.

Hoja yao ina uzito. Njia ya kurukia ilishawekwa lami kwa fedha za MCC, shirika la misaada la serikali ya Marekani, kwa hiyo msingi upo. Watalii wanaofuata papa potwe kuanzia Oktoba hawana siku ya kupoteza njiani, na Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, inahitaji mapato yao. Na mgonjwa anayetakiwa Muhimbili haraka hawezi kuambiwa asubiri maji yajae.

Lakini nusu saa hiyo ni ya nani? Caravan hubeba abiria kumi na wachache, na mizigo hupimwa: mara nyingi kilo 15 kwa mtu, begi laini. Muuza nazi hana la kufanya na kilo 15, wala mama anayepeleka pweza mkavu sokoni. Sensa ya 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 60,000 Mafia, na wengi wao nauli ya ndege hawaimudu.

Safari yao huanzia Barabara ya Kilwa: Mbagala, Mkuranga, hadi Bungu, kisha wanachepuka kwenda Nyamisati kupanda boti au kivuko cha MV Kilindoni. Nyamisati imejificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Maji yakipwa, chombo hakitoki. Saa ya kuondoka hupangwa na bahari: leo asubuhi, siku chache baadaye mchana. Ukichelewa maji, unalala pale pale na mizigo yako. Ukiyawahi, bado una saa kadhaa za mawimbi, na kusi likishika kasi hata manahodha wazoefu husita.

Halafu Mafia iko Mkoa wa Pwani. Mwenye shida na ofisi ya mkoa huvuka bahari, hulipita jiji zima la Dar, ndipo afike Kibaha. Mtu wa namna hii ukimwambia anaishi nusu saa kutoka mjini, humtendei haki.

Mimi naona fedha za kwanza ziende kwenye mkondo wa Nyamisati, uchimbwe kiasi cha vyombo kutoka hata maji yakiwa yamepwa, na ratiba itangazwe mapema. Najua pingamizi lake, na ni zito: Rufiji hushusha tope kila masika, kwa hiyo kazi hiyo haiishi, ilhali lami ya uwanja ikishamwagwa hudumu miaka. Mikoko nayo haitaki kuguswa ovyo, maana ndiyo malezi ya kamba wanaovuliwa huko. Gharama itajirudia, na lazima bajeti ikubali hivyo tangu mwanzo. Hata hivyo ningechagua mkondo, kwa sharti moja: mgonjwa wa rufaa akatiwe kiti cha ndege kwa fedha za umma, bila ndugu zake kuchangishana kwanza.