Kunde si muhogo: baada ya hukumu ya mbegu Kenya

Mwishoni mwa Novemba 2025, Mahakama Kuu ya Machakos iliwapa ushindi wakulima wadogo 15 waliokuwa kortini tangu 2022. Walipinga vifungu vya Sheria ya Mbegu na Aina za Mimea, ambavyo vilimweka mkulima aliyeuza au kubadilishana mbegu zisizosajiliwa katika hatari ya kifungo cha hadi miaka 2 au faini ya hadi shilingi milioni 1. Korti ikasema vinakiuka Katiba. Kwa kweli Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinalitaka Bunge lilinde mbegu asilia na matumizi yake kwa jamii za Kenya. Sheria ilikuwa ikienda kinyumenyume.

Nadhani korti ilitenda haki. Tazama mama anavyotafuta mbegu ya mahindi. Huanza mahindi yakiwa bado kwenye bua, na huchagua ya katikati ya shamba, gunzi lililojaa, maganda yaliyofunika ncha sawasawa ili wadudu wasipate mlango. Huyaning'iniza juu ya meko yapigwe moshi. Siku ya kupanda hupukuchua punje za katikati tu. Za ncha na za kitako huenda kwa kuku. Huo nao ni ukaguzi, ila hauna stika ya mbegu iliyoidhinishwa. Vikundi vinavyosaidiwa na shirika la Seed Savers Network la Gilgil, kaunti ya Nakuru, vimejenga juu ya ujuzi huo huo. Kwenye benki nyingi za mbegu za namna hii mwanachama hukopa mbegu mwanzo wa msimu, akavuna, akarudisha zaidi ya alichochukua. Kumwita mtu wa aina hiyo mhalifu ilikuwa aibu.

Lakini wanaotetea ukaguzi hawana hoja ya kupuuzwa. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi uitwao kwa Kiingereza Maize Lethal Necrosis uliibuka Bomet na kufagia mashamba, na virusi vyake vinaweza kusafiri ndani ya mbegu. Nani atamfidia jirani? Isitoshe, matapeli wamezoea kupaka rangi mahindi ya kula na kuyauza kama mbegu, na mkulima hugundua mvua ikiwa imeshapita. (Ingawa hao hupatikana zaidi madukani kuliko kwenye kibuyu cha bibi.)

Kinachonikera katika mjadala huu ni kwamba pande zote mbili hulisema neno "mbegu" kana kwamba ni kitu kimoja. Kunde na maharagwe hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa. Ukijiwekea mbegu msimu baada ya msimu kwa miaka mitano bado utaitambua. Mahindi hupokea chavua ya jirani, kwa hiyo aliyepanda ya kienyeji kando ya shamba la chotara atavuna mchanganyiko asioutaka. Muhogo ni hatari zaidi: pingili inayoonekana nzima inaweza kubeba magonjwa ya batobato au michirizi kahawia, na zawadi ya shangazi kutoka Kilifi ikaharibu mihogo ya mtaa mzima. Viazi navyo huhamisha ugonjwa wa mnyauko kutoka shamba hadi shamba. Kumkamata mama wa kunde kwa sababu ya hofu ya muhogo ni uonevu, na kuuachia muhogo kwa sababu ya kumhurumia mama wa kunde ni uzembe.

Wala sayansi na mbegu ya nyumbani si maadui. Mahindi ya Katumani yalizalishwa na watafiti wa serikali hapo hapo Machakos miaka ya 1960 kwa ajili ya sehemu kame, na kwa kuwa si chotara, mkulima anaweza kujiwekea mbegu.

Tanzania imejaribu njia ya kati, mbegu za daraja la kuazimiwa ubora: mkulima aliyefunzwa huzalisha, hukaguliwa kwa gharama nafuu, kisha huuza kwa watu wa eneo lake. Kenya ingeweza kuiga, ila utaratibu huo hutegemea aina zilizosajiliwa, na mtama wa bibi haupo kwenye orodha yoyote. Ukinakiliwa ulivyo, ushindi wa Machakos utarudi kuwa makaratasi.

Kaunti zianze na viazi na muhogo, ambako hasara huja haraka: maafisa ugani wawafunze wanachama wa benki za mbegu kutambua majani yenye ugonjwa, na kuwe na mashamba ya vipando safi karibu na vijiji. Kunde ziachwe zitembee.