Pesa za kukosea si baraka

Makala haya yanauliza kama Mkristo aliyetumiwa pesa kimakosa kwenye simu anaweza kuzihesabu kuwa baraka. Hapana! Kumbukumbu la Torati 22:1-3 inasema ukikuta ng'ombe wa ndugu yako amepotea, mrudishe. Usipomjua mwenyewe, mtunze kwako hadi aje kumtafuta. Wala si ng'ombe tu, ni chochote kilichopotea. Mwaka jana nikiwa kwenye feri ya Likoni, Mombasa, ziliingia shilingi 2,400 kwenye simu yangu. Hatujafika ng'ambo, mama mmoja akapiga, sauti inamtetemeka: "Mwanangu, hizo ni za gunia la viazi, niko sokoni Kongowea, mwenye mali amenisimamia hapa." Nilizirudisha papo hapo. Jamani, tunazima simu, halafu Jumapili tunatoa sadaka kwa pesa hizo hizo?