Picha ya Makula na Mahali Ilipo Sindano

Utafiti uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008, ambapo retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) za watu zaidi ya 4,000 wenye miaka 50 na kuendelea zilipigwa picha, ulikuta dalili za mapema za kuchakaa kwa makula, yaani kitovu cha retina kinachoona vitu vilivyo mbele moja kwa moja, kwa takriban asilimia 11 ya wale ambao picha zao zilisomeka, na hali iliyokomaa kwa zaidi kidogo ya asilimia 1. Kwa hiyo haifai tena kusema kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Kinachobishaniwa ni kama kila hospitali ya kaunti huku magharibi mwa Kenya inahitaji mashine ya OCT, ile inayotumia mwanga kuonyesha matabaka ya retina bila kuligusa jicho.

Wanaoitaka wana hoja nzito. Katika aina ya majimaji, mishipa dhaifu huvuja chini ya makula, na mashine huweza kuona majimaji hayo kabla bibi hajagundua kwamba anapomtazama mjukuu wake anaona masikio lakini pua imefunikwa na doa. Daktari naye huitegemea picha hiyo kuamua kama sindano ya jichoni, inayozuia uvujaji huo, irudiwe mwezi huu au isogezwe mbele; asipokuwa nayo, anakisia.

Hata hivyo, wagonjwa wengi wana aina kavu, ambayo sindano hizo haziitibu. Isitoshe, wazee wengi wana mtoto wa jicho, na lenzi yenye ukungu huharibu picha. Mzee kama huyo anahitaji upasuaji kwanza. Bei ya dawa peke yake si kisingizio kikubwa kama inavyodaiwa, kwa kuwa ulinganisho uliotolewa Marekani mwaka 2011 ulionyesha kwamba bevacizumab, dawa ya saratani inayogawanywa katika vipimo vidogo vya bei nafuu, hulinda uoni karibu sawa na ranibizumab, dawa ya bei ghali iliyotengenezwa kwa ajili ya jicho. Gharama inayowachosha watu ni ile ya kurudi Kisumu kila mwezi kwa ajili ya sindano, pamoja na kijana wa kumshika mzee mkono, maana baada ya matone ya kupanua mboni jua la stendi humchoma macho.

Kwa maoni yangu, mashine iwekwe pale sindano inapotolewa, na kwingineko zitumike kamera za kawaida za kupiga picha ya retina pamoja na karatasi ya mirabaraba ya kubandika ukutani nyumbani. Karatasi hiyo ina udhaifu wake: mzee akiitazama kwa macho mawili, jicho zima hulifichia lile bovu. Aelezwe basi kwamba afunike jicho moja moja, na mistari ikipinda aende kliniki wiki hiyo hiyo, asingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi.