Kijana Amezima Simu: Nani Anadaiwa Uaminifu Kazini?

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ilitangaza nafasi za kazi 1,596. Walioomba walikuwa 135,027, yaani zaidi ya watu 80 kwa kila nafasi. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, Juni 2014, watu zaidi ya 10,000 walikusanyika Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Lakini ukipita Kariakoo, Manzese au Tegeta jijini Dar es Salaam utakuta karatasi zimebandikwa milangoni: anahitajika kijana wa kuuza duka, anahitajika dada wa mgahawa, anahitajika saidia fundi. Muulize mwenye duka na atakwambia kwamba karatasi hiyo haibanduki mlangoni. Kijana wa kwanza alifanya wiki mbili akazima simu. Wa pili alisema amefiwa, akaenda moja kwa moja. Wa tatu yupo, ila kila siku anafika saa nne.

Vijana wanalia hakuna kazi, waajiri wanalia hakuna wafanyakazi, na wote wanaishi mtaa mmoja. Jibu linalotolewa haraka ni kwamba watoto wa elfu mbili ni wavivu, wamelelewa na simu, wanataka hela bila jasho. Naamini jibu hilo kwa sehemu kubwa si sahihi. Ila malalamiko yaliyo nyuma yake ni ya kweli, na anayetaka kuwatetea vijana kwa haki inabidi ayasikilize kwanza mpaka mwisho.

Waajiri wengi wa mjini si matajiri wa kufikirika. Mwenye duka la vipodozi au vifaa vya simu amelipa kodi ya fremu ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na Kariakoo huenda ametoa na kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu, juu yake. Mzigo ulio dukani mara nyingi ni wa mkopo. Kijana akichelewa kwa saa mbili, duka limefungwa kwa saa mbili. Akitoweka, bosi anaacha kufuata mzigo ili akakae kaunta mwenyewe. Kumfundisha mpya bei za bidhaa zote, nani mteja wa jumla, nani anakopesheka na nani hakopesheki, ni kazi ya wiki kadhaa ambazo hakuna anayemlipa bosi. Halafu kuna cha juu: muuzaji anapandisha bei, anaandika ile ya kawaida, tofauti inaingia mfukoni. Mteja wa jumla akigundua anahamia duka la jirani bila kusema neno, na mwenye duka hajui mpaka leo kwa nini alimpoteza.

Mafundi nao wana lao. Kwenye gereji, useremala na cherehani, mafunzo yalikuwa ya miaka: kijana anaanza kwa kufagia na kushika spana, anapewa hela ya kula, anajifunza kidogo kidogo. Leo fundi mkuu anakwambia kijana akishajua kubadilisha breki tu, kabla hajajua kusikiliza injini na kutambua ugonjwa wake, tayari ana gereji yake chini ya mwembe. Gari la mteja likiharibika huko, sifa mbaya inawarudia mafundi wote.

Hasara ya fedha inafidika. Inayodumu ni hofu. Mwajiri aliyeibiwa mara mbili hatafuti tena kijana kwa karatasi ya mlangoni. Anampigia simu dada yake Moshi au Songea amtumie mtoto wa ndugu. Hapo ndipo koneksheni inapozaliwa, na inazaliwa kwa sababu inayoeleweka kabisa. Kwa hiyo kijana anayezima simu na kuondoka na mauzo ya Jumamosi hamuumizi bosi peke yake. Amemfungia mlango kijana mwingine, mwaminifu, asiye na mjomba mwenye duka. Sisi tunaowatetea vijana hatulisemi hili vya kutosha.

Sasa twende upande wa pili wa kaunta, na tuanze na hesabu. Amri ya kima cha chini iliyoanza Januari 2023 iliweka mshahara wa sekta ya biashara na viwanda kuwa shilingi 150,000 kwa mwezi. Serikali imepandisha viwango vya sekta binafsi tena kuanzia Januari 2026, lakini kwenye maduka mengi madogo malipo bado ni ya makubaliano ya mdomo, kwa hiyo tuichukue 150,000 kama mfano. Kijana anakaa Chanika, pembezoni mwa jiji, kazi iko Kariakoo. Tangu Desemba 2023 nauli ya chini kabisa ya daladala Dar es Salaam ni shilingi 600. Hata tukijifanya kwamba magari yake yote mawili ni ya nauli hiyo ya chini, anatumia 2,400 kwenda na kurudi. Kwa siku 26 ni 62,400. Anabakiwa na 87,600, na humo kuna chakula cha mchana, kodi ya chumba, sabuni, na mama anayesubiri chochote kijijini.

Saa za kazi nazo zihesabiwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zilipwe mara moja na nusu. Duka linalofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa mbili usiku, siku sita, ni saa 66 hata ukitoa saa moja ya chakula kila siku. Sijamsikia muuzaji wa duka akilipwa hizo 21 zinazozidi. Akipata shoti, yaani fedha zikipungua kwenye hesabu, inakatwa yote mwisho wa mwezi, wakati sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri aeleze kwa maandishi hasara imetokeaje na ni kiasi gani, ampe mfanyakazi nafasi ya kujitetea, na asikate zaidi ya robo ya mshahara. Na mshahara wenyewe hauna tarehe. Utatoka "biashara ikikaa vizuri".

Kwa mabinti kuna jambo jingine, la siri na zito. Wapo wanaozima simu kwa sababu bosi, au rafiki wa bosi, alianza kudai asichostahili. Rushwa ya ngono ni kosa kwa sheria ya kuzuia na kupambana na rushwa ya 2007, lakini binti wa miaka 19 aliyepata kazi kwa maneno ya mdomo, bila karatasi wala shahidi, anaona njia moja tu ya kutoka, nayo ni kutokurudi kesho. Mtaani atahesabiwa miongoni mwa wasiopenda kazi.

Uthibitisho unaonishawishi zaidi kwamba uvivu si maelezo ya kutosha uko barabarani. Mtazame dereva wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba. Anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki kila siku, jua na mvua, mwaka mzima na mara nyingi zaidi. Anatoka kabla ya alfajiri kuwahi abiria wa ofisini, anarudi usiku wa manane. Mafuta ni yake, na siku akiumwa anadaiwa vilevile. Kwa saa za kazi na kwa hatari, kazi hiyo ni ngumu kuliko kuuza duka. Anayeibeba ni yuleyule kijana ambaye mwaka jana alishindwa kukaa dukani miezi miwili. Kilichobadilika ni kwamba mkataba wa pikipiki una mwisho unaojulikana: ukimaliza, chombo ni chako. Kila hesabu anayopeleka inampunguzia safari. Dukani, mwezi wa kumi na mbili unafanana na mwezi wa kwanza, na hakuna aliyewahi kumwambia mwezi wa ishirini na nne utafananaje.

Winga wa Kariakoo anafundisha somo hilohilo. Hana mshahara. Anasimama mtaani tangu asubuhi, anamdaka mteja, anamzungusha duka kwa duka, anaishi kwa tofauti ya bei. Ni kazi ya miguu, maneno na kukataliwa mara nyingi kwa siku. Vijana wengi wanaipenda kuliko kuajiriwa, kwa sababu jasho la leo linalipwa leo na hakuna wa kumwambia asubiri biashara ikae vizuri. Angalia pia kwamba cha juu, kile ambacho dukani ni wizi, kwa winga ni kipato kinachojulikana na kila mtu. Mwajiri anayempa muuzaji kamisheni ya wazi, hata ndogo, angalau amekubali ukweli huo na kuuweka mezani.

Malalamiko yenyewe ni ya zamani kuliko hao watoto wa elfu mbili. Wenye mashamba ya mkonge Tanga enzi za ukoloni walilalamika bila kukoma kuhusu manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliokuwa watoro. Walitumia kipande, kadi iliyopaswa kujazwa siku 30 za kazi ndipo mtu alipwe, na kutoroka kazini kulikuwa kosa la kumpeleka mtu mahakamani. Utoro haukuisha. Mwaka 1983 Serikali huru ilitunga Sheria ya Nguvu Kazi, misako ikafanyika Dar es Salaam, waliohesabiwa kuwa wazururaji wakapelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini. Mara zote mbili tatizo lilipewa jina la tabia, likatibiwa kwa kubana, na masharti ya kazi yenyewe hayakuguswa vya kutosha. Sitaki kumlinganisha mwenye duka wa Kariakoo na mkoloni wa mkonge. Huyu wa leo anapambana na kodi na mikopo kama sisi sote. Ninachosema ni kwamba dawa ya kulaumu imejaribiwa kwa muda mrefu na watu wenye nguvu kuliko yeye, na haikuponya.

Hata hivyo hesabu za vijana nazo si zote sahihi, na bodaboda haipaswi kupambwa. Madereva wengi hawana bima ya afya wala akiba ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, na wodi za mifupa zinajua habari zao. Mkataba unaweza kuvunjika mwezi mmoja kabla ya mwisho, pikipiki ikarudi kwa mwenyewe. Kwenye ufundi, miaka miwili mitatu ya mwanzo yenye malipo madogo ndiyo inayozaa fundi anayepanga bei yake mwenyewe baadaye, na kijana anayeikimbia kwa sababu mwenzake amepiga picha mtandaoni amesimama kando ya gari amepoteza kitu ambacho hatakipata tena kwa urahisi akiwa na miaka 30. Kubeti kumeongeza ugonjwa huu. Mkeka wa shilingi elfu moja unamfanya mtu aone mshahara wa mwezi kuwa ni njia ya wajinga. Hapa wazee wanaosema subira imepungua wana haki, na kijana anayewasikiliza hapotezi heshima yake.

Kama nalazimishwa kusema nani aanze, nasema mwajiri, kwa kuwa ndiye mwenye kalamu. Sheria inamtaka ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi gani, saa ngapi, mshahara kiasi gani na lini. Karatasi moja inatosha. Iseme pia baada ya miezi sita nini kitaongezeka, japo ni kamisheni au hela ya nauli. Mwenye duka atasema karatasi itamfunga, kijana atakimbilia nayo CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Hofu hiyo naielewa. Lakini ulinzi wa kuachishwa kazi isivyo haki hauwahusu walio chini ya miezi sita kazini, kwa hiyo mwajiri anao muda wa kumpima mtu. Na karatasi hiyohiyo inamfunga kijana pia: anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, anadaiwa notisi ya siku 28 kabla ya kuondoka, sawasawa na anavyodaiwa bosi wake. Vijana wengi hawajui wanadaiwa notisi. Bila karatasi, wangeijulia wapi?

Kuna kifungu kingine kinachosahaulika, na kwangu ndicho chenye faida kubwa zaidi. Mfanyakazi anapoondoka, sheria inamtaka mwajiri ampe cheti cha utumishi. Kwenye maduka, migahawa na gereji karibu hakuna anayekitoa wala anayekiomba. Fikiria kingetolewa kweli: huyu alifanya kazi hapa tangu mwezi fulani hadi mwezi fulani, alikuwa akiuza kitu fulani, namba ya simu ya duka ni hii. Kijana asiye na mjomba angepata kitu cha kuonyesha mahali pengine, na kwa mara ya kwanza angekuwa na sababu ya kuaga vizuri, maana akizima simu anakikosa. Mwajiri anayefuata naye angekuwa na mtu wa kumpigia kabla ya kumkabidhi funguo, badala ya kutegemea sura na barua ya serikali ya mtaa, ambayo inaeleza mtu anakaa wapi na haisemi anafanyaje kazi.

Mwenye duka mmoja akianza peke yake hataona tofauti kubwa, kwa sababu cheti kina thamani tu pale jirani anapokidai. Ndiyo maana jambo hili ni la jumuiya za wafanyabiashara. Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, kulalamikia kodi na usumbufu wa ukaguzi, soko zima lilisimama pamoja na Serikali ikakaa nao mezani. Watu wenye uwezo wa kukubaliana kufunga maduka wanaweza pia kukubaliana kwamba hakuna anayeajiri bila kuuliza cheti, na hakuna anayemnyima cheti kijana aliyeaga kwa notisi.